Mabakuli ya divai mbele ya Warekabi: uchambuzi wa kisa cha Yeremia 35

Miaka michache kabla Yerusalemu haijaangukia mikononi mwa Wababeli, nabii Yeremia alikusanya ukoo mzima katika chumba kimoja cha Hekalu, akaweka mbele yao mabakuli yaliyojaa divai pamoja na vikombe, akawaambia: nyweni divai. Wakakataa. Walikuwa Warekabi, na walichokataa kukivunja ni agizo la mzee wao Yonadabu mwana wa Rekabu, aliyeishi miaka ipatayo 240 kabla yao.

Wengi wetu tumekutana na kisa hiki katika mahubiri ya kukataza pombe. Mhubiri anafika kwenye "hatutaki kunywa divai", anafunga Biblia, anaanza kukemea vilabu. Simlaumu; ulevi umebomoa nyumba nyingi. Lakini kisa kikisomwa hivyo, divai inameza mengine yote, na hayo mengine ndiyo yenye uzito. Nionavyo mimi, sura hii haihukumu divai. Inapima jinsi watu wanavyolishika neno walilopewa pale hali inapogeuka. Na Warekabi wanashinda mtihani ingawa wakati ule walikuwa tayari wamelazimika kulegeza sehemu ya agizo lao. Hapo ndipo ninapotaka tukae kwa muda.

Chumba na waliokuwemo

Tukio ni la siku za Yehoyakimu mwana wa Yosia, aliyetawala Yuda kuanzia 609 hadi 598 KK. Yeremia anasimulia mwenyewe, kwa nafsi ya kwanza. Anasema alimchukua Yaazania mwana wa Yeremia mwana wa Habasinia (huyu Yeremia ni mtu mwingine, si nabii), na ndugu zake, na wanawe wote, na nyumba nzima ya Warekabi. Akawaleta katika chumba cha wana wa Hanani mwana wa Igdalia, mtu wa Mungu. Kisha anatuelekeza kama mtu anayemwonyesha mgeni njia: chumba hicho kilikuwa karibu na chumba cha wakuu, juu ya chumba cha Maaseya mwana wa Shalumu, mlinzi wa mlango.

Maelezo hayo hayakuwekwa kwa kujaza karatasi. Walinzi wa mlango wa Hekalu walikuwa viongozi wakubwa. Ndio waliopokea fedha za watu za kutengenezea nyumba ya Bwana, na mji ulipoanguka, watatu kati yao walikamatwa pamoja na kuhani mkuu Seraya na kuhani wa pili Sefania, wakapelekwa Ribla kuuawa. Chumba cha wakuu nacho kilikuwa mahali pa watu wa serikali ya mfalme. Yeremia angeweza kuwafuata Warekabi walikokuwa wanakaa akawauliza mambo yao faraghani. Badala yake aliwaleta hapo, katikati ya dini na siasa za Yuda, mahali ambapo habari haikai ndani ya kuta nne.

Divai yenyewe haikuwa kitu cha ajabu Hekaluni. Sheria ya Hesabu 15 ilitaka kila sadaka ya kuteketezwa iendane na sadaka ya kinywaji: robo ya hini (kipimo cha vimiminika) ya divai kwa mwana-kondoo, theluthi kwa kondoo dume, nusu kwa ng'ombe. Kuhani alizuiwa kunywa alipoingia kuhudumu, kwa mujibu wa Walawi 10:9, lakini akimaliza zamu yake hakuna aliyemhesabia dhambi. Kwa hiyo Warekabi waliwekewa mbele yao kinywaji halali, ndani ya nyumba takatifu, kwa mkono wa nabii ambaye mwenyewe alitoka katika ukoo wa makuhani wa Anathothi. Hapakuwa na aibu yoyote katika kunywa. Shinikizo lote lilikuwa upande wa kukubali.

Nchi iliyojaa divai

Ili tuone uzito wa kukataa kwao, tukumbuke Yuda ya karne ya 7 KK ilikuwa nchi ya namna gani. Gibeoni, mji ulioko kilomita chache tu kaskazini-magharibi ya Yerusalemu, umechimbuliwa na watafiti, wakakuta maghala 63 yaliyochongwa ndani ya mwamba, yenye umbo la kengele, pamoja na mitungi yenye jina la mji limechorwa kwenye mikono yake. Hapo divai ilihifadhiwa kwenye ubaridi wa chini ya ardhi, kwa wingi uliozidi mahitaji ya kaya za mji mmoja.

Kule kusini, katika ngome ya Aradi, vimepatikana vigae vilivyoandikwa kwa wino karibu mwaka 600 KK, yaani katika miaka hiyohiyo ya kisa chetu. Ni maagizo ya kazi kwa afisa aitwaye Eliashibu. Kigae kimoja kinamwambia awape askari wa kigeni, Wakitimu, bathi tatu za divai (bathi ni kipimo kikubwa cha vimiminika), aandike jina la siku, na atoe unga wa kuwaokea mikate. Divai ilikuwa posho ya askari, sawa na mkate. Na Yerusalemu kwenyewe, katika mitungi iliyovunjika mji ulipochomwa mwaka 586 KK, wachunguzi walitangaza mwaka 2022 kwamba wamekuta mabaki ya divai iliyotiwa vanila. Wakubwa wa mji uliokaribia kuzingirwa walikuwa wanakunywa divai yenye kiungo kilichosafirishwa kutoka mbali.

Katika nchi hiyo, kukataa divai kulimaanisha kukataa chakula cha sikukuu, posho ya jeshi, biashara ya kijiji na karamu ya bwana mkubwa kwa pamoja. Zaburi 104 inaitaja divai kama zawadi ya Mungu inayomfurahisha mtu moyo. Kumbukumbu la Torati 14:26 inamruhusu msafiri aliyefika mahali pa ibada anunue divai au kileo, ale na kunywa mbele za Bwana pamoja na nyumba yake. Mrekabi aliishi kinyume cha mkondo huo kila siku, mkewe na watoto wake pamoja naye.

Mzee Yonadabu na agizo lake

Yonadabu anaonekana mara moja tu nje ya sura hii, katika 2 Wafalme 10, naye haji kwetu kama mzee mpole. Ni karibu mwaka 841 KK. Yehu, jemadari wa jeshi la Israeli, amekwisha kuasi, amewaua mfalme wa Israeli na mfalme wa Yuda, na anaelekea Samaria kumaliza kazi. Njiani anakutana na Yonadabu, anamsalimu, anamwuliza kama moyo wa Yonadabu ni mnyofu kwake, kama moyo wake yeye Yehu ulivyo kwa Yonadabu. Yonadabu anajibu ndiyo, anapewa mkono, anapandishwa kwenye gari. Wanaingia pamoja katika nyumba ya Baali, na waliokusanyika humo kuabudu wanauawa wote. Miaka mingi baadaye nabii Hosea ataitaja damu ya Yezreeli kuwa deni juu ya nyumba ya Yehu. Anayetaka kumfanya Yonadabu kielelezo cha utakatifu na ayasome hayo kwanza.

Habari ya Wafalme haisemi neno lolote juu ya divai. Agizo tunalijua kutoka vinywani mwa wajukuu zake tu, na lina mambo matano: msinywe divai, msijenge nyumba, msipande mbegu, msipande shamba la mizabibu wala msiwe nalo, bali mkae katika hema siku zenu zote. Sababu wanayoitoa ni moja: mpate kuishi siku nyingi katika nchi mnamokaa kama wageni.

Mtu akiyatazama mambo hayo kwa pamoja anaona yanashikana. Mzabibu hauzai kesho yake. Unataka miaka, ukuta, mnara wa mlinzi, shimo la kukamulia, na mtu wa kukaa hapohapo. Anayehama na mifugo hawezi kuwa na mzabibu, na anayeutaka mzabibu hawezi kuhama. Kwa hiyo katazo la divai ni kona moja tu ya ukuta mrefu zaidi, ukuta dhidi ya maisha ya kumiliki ardhi. Na hapa nakumbuka jinsi nyumba ya Ahabu, mfalme wa Israeli, ilivyojichimbia kaburi: kwa shamba la mizabibu la Nabothi. Ahabu alilitaka liwe bustani ya mboga, mkewe Yezebeli akapanga mashahidi wa uongo, Nabothi akapigwa mawe. Yehu alimwua mwana wa Ahabu na kuutupa mwili wake katika shamba hilohilo. Yonadabu alikuwa mtu wa kizazi kilichoyaona hayo kwa macho. Sishangai kwamba aliwaambia wanawe wasiwe na mizabibu kabisa.

Kuna uzi mwingine wa zamani zaidi. 1 Mambo ya Nyakati 2:55 inawaunganisha watu wa nyumba ya Rekabu na Wakeni, jamii ya Hobabu, mkwewe Musa, na ya Yaeli mke wa Heberi, yule aliyekuwa hemani Sisera alipokuja akiomba maji, akampa maziwa. Wapo wataalamu wanaodhani kwamba Warekabi walikuwa mafundi wa chuma waliokwenda kazi ilipo, na kwamba katazo la divai lilisaidia kuficha siri za ufundi. Dhana hiyo hainishawishi sana, kwa sababu jibu lao wenyewe halina dalili ya karakana. Linasema mbegu, shamba, nyumba, hema. Ndiyo lugha ya watu wanaoongelea ardhi.

Hii haikuwa nadhiri ya Mnadhiri

Watu wengi huwachanganya Warekabi na Wanadhiri, na kosa hilo linaharibu uchambuzi mzima. Mnadhiri wa Hesabu 6 ni mwanamume au mwanamke aliyeamua mwenyewe kujitenga kwa Bwana kwa muda aliouweka. Sheria yake ni kali kuliko ya Mrekabi kwa upande wa mzabibu: asinywe divai wala kileo, wala siki ya divai, wala maji ya zabibu, asile zabibu mbichi wala kavu, hata kokwa wala ganda. Wembe usipite kichwani mwake. Asikaribie maiti, hata ya baba yake au mama yake.

Lakini ona inavyoisha. Siku zake zikitimia anakwenda mlangoni pa hema ya kukutania na mwana-kondoo dume, mwana-kondoo jike, kondoo dume, na kikapu cha mikate isiyotiwa chachu. Ananyolewa nywele za kujitenga kwake, zinatupwa katika moto ulio chini ya sadaka ya amani. Kuhani anamwekea mikononi bega la kondoo lililopikwa, mkate mmoja na kaki moja, kisha anavitikisa mbele za Bwana. Na sheria inafunga kwa kusema kwamba baada ya hayo Mnadhiri aweza kunywa divai. Nadhiri yake ina mlango wa kutokea, na mlangoni hapo kuna kikombe kinamsubiri.

Kwa Warekabi hakuna mlango wa namna hiyo. Hakuna kati yao aliyeapa. Hakuna aliyejiwekea muda. Hakuna sadaka ya kufungua wala kuhani wa kumwachilia. Hata njia ile ya Hesabu 30, ambapo baba au mume angeweza kuibatilisha nadhiri ya binti au mke siku aliyoisikia, haiwafikii, kwa sababu hapa hakuna nadhiri ya kubatilisha. Kuna wosia wa mzee aliyekwisha kufa, na wosia hauna wa kuujadili naye. Mtoto wa Kirekabi alizaliwa ndani yake kama anavyozaliwa ndani ya jina la ukoo.

Je, ni haki mtu mmoja kuwafunga hivyo wasiozaliwa? Kwa maoni yangu swali hili haliwezi kupuuzwa, na sura hailijibu moja kwa moja. Inachotoa ni sababu ya Yonadabu, "mpate kuishi siku nyingi katika nchi", ambayo inakaribia sana maneno ya amri ya tano: waheshimu baba yako na mama yako, siku zako zipate kuwa nyingi katika nchi. Warekabi waliusoma wosia kama sehemu ya heshima hiyo. Katika jibu lao wanataja wake, wana na binti, kila mmoja kwa neno lake, kama watu wanaotaka ieleweke kwamba nyumba nzima imeshiriki na si wanaume wachache waliosimama mbele ya nabii.

Neno ambalo Yeremia hakulisema

Mungu alimwambia Yeremia awape divai. Yeye alijua hivyo. Lakini alipofungua kinywa mbele ya Warekabi hakusema "Bwana asema hivi, nyweni". Alisema nyweni divai, basi. Katika kitabu ambacho "Bwana asema hivi" inajirudia karibu kila ukurasa, kunyamaza huko kuna maana kubwa.

Tukilinganisha na 1 Wafalme 13 tutaona hatari iliyokuwepo. Mtu wa Mungu kutoka Yuda alikatazwa na Mungu kula mkate na kunywa maji huko Betheli. Nabii mzee akamfuata njiani, akamwambia: mimi nami ni nabii, malaika ameniambia nikurudishe ule na kunywa. Alimdanganya. Yule mtu akarudi, akala, na simba akamwua njiani. Angalia silaha iliyotumika pale: amri bandia ya mbinguni dhidi ya amri ya kweli aliyokuwa ameipokea.

Yeremia angetumia jina la Bwana, Warekabi wangebanwa kati ya nabii wa kweli na baba yao, na yeyote kati yao ambaye angekunywa angekuwa na utetezi wa haki: nilimtii Mungu. Mtihani ungekuwa mtego. Kwa kuliacha jina hilo aliwapa mwaliko wenye uzito wote wa mahali, cheo na ukarimu, bila kuwaondolea haki ya kusema hapana. Huo ni mtihani wa haki, na Yeremia, aliyeandamwa maisha yake yote na manabii waliotumia jina la Bwana ovyo, alijua vizuri tofauti yake.

Hema wameziacha, divai hawajaigusa

Sasa tufike kwenye kiini. Warekabi wanamaliza jibu lao kwa kukiri kitu ambacho hakuna aliyewauliza. Wanasema Nebukadreza mfalme wa Babeli alipopanda kuja katika nchi hii, walisema, haya, twendeni Yerusalemu kwa kuliogopa jeshi la Wakaldayo (yaani Wababeli) na jeshi la Washami. Ndiyo maana tunakaa Yerusalemu.

Hofu yao ilikuwa na msingi. Mwaka 605 KK Nebukadreza aliwashinda Wamisri huko Karkemishi, na nchi zote za ukanda ule zikawa chini yake. Yehoyakimu alimtumikia miaka mitatu kisha akaasi, na 2 Wafalme 24 inasema vikosi vya Wakaldayo, Washami, Wamoabi na Waamoni vikatumwa kuishambulia Yuda. Ushahidi wa Babeli unatoa picha ya karibu zaidi. Katika bamba la udongo la kumbukumbu za wafalme, ambalo sasa liko British Museum, imeandikwa kwamba katika mwaka wa 6 wa Nebukadreza, mwishoni mwa 599 KK, aliyatuma majeshi yake jangwani, yakateka mali za Waarabu kwa wingi, mifugo yao na miungu yao. Waliolengwa ni wakaaji wa hema. Aliyekuwa na ukuta wa mji angalau alikuwa na ukuta. Mwenye hema na kondoo malishoni hakuwa na kitu. Mwaka uliofuata bamba hilohilo linaandika kuzingirwa kwa Yerusalemu, na mji ukatwaliwa tarehe 2 ya mwezi wa Adari, yaani Machi 597 KK.

Kwa hiyo Warekabi waliosimama mbele ya mabakuli yale walikuwa wakimbizi. Agizo la kukaa hemani siku zote lilikuwa limeshindikana, au angalau halikuwezekana tena kwa namna baba zao walivyolijua. Na mtu aliyewahi kujiwekea mfungo au ahadi ya maisha anajua kinachofuata hapo. Ukishalegeza jambo moja, sauti ndani yako inaanza: sasa si tumekwisha kuvunja, tunashikilia nini? Maisha ya hema yamekwisha, divai ilikuwa sehemu ya maisha hayo, tuko mjini, tumekaribishwa na nabii, tunywe. Hoja hiyo si ya kijinga. Nimeeleza mwenyewe hapo juu kwamba katazo la divai lilikuwa kona ya ukuta mrefu. Ukuta ukianguka, kona inalinda nini?

Warekabi hawakuifuata hoja hiyo. Waliyoweza kuyashika waliyashika: hatunywi, hatujajenga, hatuna shamba la mizabibu, wala shamba lolote, wala mbegu. Lililowashinda walilitaja waziwazi pamoja na sababu yake, hawakulificha na hawakuligeuza kuwa ruhusa. Na hukumu ya Bwana mwishoni mwa sura inasema wameshika maagizo yote ya Yonadabu na kutenda yote aliyowaamuru. Yote. Kukimbilia mjini kwa ajili ya kuokoa roho za watoto hakukuhesabiwa kuwa uvunjaji. Kwa mtu anayepima uaminifu kwa kipimo cha ama yote ama hakuna, neno hilo ni la kulitafakari sana.

Kwa nini kisa kimewekwa hapa

Kitabu cha Yeremia hakifuati mpangilio wa miaka, na mahali kisa kilipowekwa panasema jambo. Sura ya 34 ni ya siku za mwisho za Sedekia, mfalme wa mwisho wa Yuda, miaka kama kumi baadaye. Mji umezingirwa. Mfalme na watu wanafanya agano ndani ya Hekalu kuwaacha huru watumwa wao Waebrania. Wanakata ndama vipande viwili na kupita katikati yake. Kisha jeshi la Wakaldayo linaondoka kwa muda kwa sababu Wamisri wanakuja. Hofu inapungua, na mabwana wanawarudisha watumwa wao utumwani. Sura ya 36 ni ya Yehoyakimu tena: gombo la maneno ya Yeremia linasomwa mbele yake katika nyumba ya baridi, naye analikata kwa kisu kila msomaji, mtu aitwaye Yehudi, asomapo safu tatu au nne, na kulitupa katika moto wa makaa mpaka linaisha lote.

Katikati ya sura hizo mbili wameketi Warekabi. Upande mmoja watu walioapa Hekaluni na kuvunja mara hatari ilipopungua. Upande wa pili mfalme anayeliunguza neno aliloletewa. Na katikati, watu ambao hatari yao ilizidi na neno lao halikubadilika. Aliyeipanga hivyo alitaka visomwe pamoja.

Ndiyo maana sikubaliani na matumizi ya sura hii kama sheria ya kukataza pombe, hata kama mhubiri ana nia njema. Huko Uingereza mwaka 1835 kilianzishwa chama cha kupinga ulevi kilichojiita cha Warekabi, na matawi yake yakaitwa hema. Kilisaidia familia nyingi za wafanyakazi, na hilo ni jema lao. Lakini anayeifanya sura iwe amri ya divai kwa wote atalazimika kuifanya amri ya nyumba na ya mashamba pia, na Yeremia mwenyewe atampinga. Kwa wahamishwa wa Babeli aliandika: jengeni nyumba, mkae ndani yake, pandeni bustani, mle matunda yake. Kwa milima ya Samaria alitabiri kwamba mizabibu itapandwa tena. Na mji ukiwa umezingirwa alinunua shamba huko Anathothi kwa shekeli 17 za fedha, akaandika hati, akaweka mashahidi. Nabii huyu hakuwa na imani ya Yonadabu kuhusu ardhi. Alisifu ushikaji wa agizo ambalo yeye mwenyewe hakulifuata wala hakumwamuru mtu mwingine kulifuata, na heshima hiyo kwa ahadi ya mtu wa njia nyingine ni jambo ninalolitamani sana tulione zaidi kati ya madhehebu yetu.

Thawabu iliyotolewa

Sura inafungwa kwa ahadi: Yonadabu mwana wa Rekabu hatakosa kamwe kuwa na mtu wa kusimama mbele za Bwana. Muundo wa ahadi hiyo ni uleule wa Yeremia 33, ambapo Daudi anaahidiwa kwamba hatakosa mtu wa kuketi katika kiti cha enzi, na makuhani Walawi kwamba hawatakosa mtu wa kusimama mbele za Bwana na kutoa sadaka. Ukoo wa wahamaji wenye asili ya Kikeni unapewa neno la uzito wa wafalme na makuhani. Na ahadi haitaji divai.

Mishna, mkusanyo wa sheria za Kiyahudi uliokamilika karibu mwaka 200 BK, inahifadhi orodha ya familia zilizokuwa na siku zao za kuleta kuni za madhabahu katika Hekalu la pili. Wana wa Daudi wa kabila la Yuda walikuwa na tarehe 20 ya mwezi wa Tamuzi. Tarehe 7 ya mwezi uliofuata, wa Abu, ilikuwa ya wana wa Yonadabu mwana wa Rekabu.